Babaangu anafunga duka la vitabu vikuukuu, tuanzie wapi?

Marahaba mwanangu, na salamu za mzee zimefika. Swali lako lilikuwa refu, nalifupisha ili na mwengine alosoma afahamu tunazungumza nini. Babaako ana miaka 71, ana duka la vitabu vikuukuu Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, tokea 1986, sasa macho na magoti yanamsumbua anataka kupumzika. Ndani mna vitabu kama elfu nne, hesabu ya kukisia. Mwenye mlango anautaka mlango wake mwisho wa mwezi wa nane. Kaja mfanyabiashara kutoka Dar, anatoa milioni mbili kwa vyote, avibebe Ijumaa hii hii. Kakaako anasema mpeni, akikataa huyu vitaishia kufungia karanga. Mzee mwenyewe hasemi kitu, anapangusa vumbi tu. Na mwisho umenitumia picha tatu za herufi za Kiarabu zilizoandikwa kwa penseli nyuma ya majalada, unauliza ni nini mana mzee akiulizwa anacheka.

Hizo herufi ntazirudia mwisho, usizisahau.

Kwanza nijitambulishe vizuri kwa wasonijua. Mie nilikuwa mjalidi, zaidi ya miaka thelathini nashona na kugundisha vitabu vya watu, misahafu, madaftari ya maofisi, na pembeni nikiuza vikuukuu, na kibanda changu nimekifunga kwa mkono wangu mwenyewe, nikakosea. Kwa hiyo haya ninayokwambia mengine nayajua kwa kazi na mengine nayajua kwa kuungua.

Jibu la Ijumaa ni hapana. Si kwamba huyo bwana ni mwizi, hata kidogo, hebu tupige hesabu: milioni mbili gawa kwa elfu nne ni shilingi mia tano kitabu. Sahani ya urojo hupati kwa mia tano siku hizi. Lakini nataka uwe muadilifu hapa, kwa vitabu elfu tatu na ushei kati ya hivyo mia tano ni bei nzuri sana, wallahi mie nisingeitoa, mana ni vitabu vya kiada vya mitaala ilopitwa, riwaya za kizungu za watalii zilizoachwa mahotelini, vitabu vya kompyuta za zamani, magazeti ya mitindo. Hivyo havina mtu. Huyo bwana anajua hayo kuliko kakaako. Anachokinunua ni vile mia mbili au mia tatu vilivochanganyika humo, na hivyo vengine anavichukua kama mtu anavyochukua maganda na nazi yake. Na haraka yake ya Ijumaa ndo inayokwambia kuwa kishaviona.

Kwa hiyo mwambie kwa adabu: bwana, karibu, lakini tunachagua kwanza, tukimaliza tutakuita uchukue mabaki kwa bei ya mabaki. Akikubali mia mbili kitabu kwa mabaki mpeni na mumshukuru. Akisusa, yupo mwengine, wa karanga nao wapo na si aibu kuwauzia kitabu cha kompyuta ya 1995. Kakaako hajakosea kuwa vengine ni vya karanga, kakosea kudhani vyote.

Sasa kuchagua. Vitabu elfu nne vinatisha ukivitazama vyote, usivitazame vyote. Mtu mmoja na mzee pembeni kwenye kiti mnaweza kupitia vitabu mia kwa siku bila kuchoka, hiyo ni siku arobaini, na umenambia leo ni mwanzo wa mwezi wa sita, basi muda upo na unabakia. Na bahati yenu wakati wenyewe ndo huu, masika yamekwisha, kipupwe kimeingia, upepo mkavu. Mngeniuliza mwezi wa nne ningekwambia msifungue boksi hata moja. Nyumba za Mji Mkongwe kuta zake ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, zinakunywa maji ya mvua kisha zinayatoa ndani taratibu, na aliepaka saruji juu yake kwa kudhani anatengeneza ndo kabisa kayafungia maji humo. Kitabu kilichoegemea ukuta wa hivo nyuma kimeota ukungu hata kama mbele kinang'ara. Basi anza na rafu zinazogusa ukuta. Toa, pangusa kwa kitambaa kikavu au brashi ya kupakia rangi ilo mpya, weka kivulini penye upepo, juani usiweke, jua linakausha gundi na jalada linajikunja kama papa. Chenye ukungu kiweke mbali na vyenzake, na ujifunge kitambaa puani, vumbi lile si zuri kwa kifua na mzee mwambie akae mbali nalo. Ukiona njia za udongo nyuma ya rafu huyo ni mchwa, acha kila kitu ushughulike nae yeye kwanza. Mende nao usiwadharau, wanafuata gundi ya unga wa ngano kwenye migongo ya vitabu vya zamani, mie nusu ya riziki yangu nimeipata kwa mende.

(Wazee walioandika vitabu kwa mkono walikuwa na dawa yao, ukurasa wa mwanzo wanaandika "Ya Kabikaj", ati ni jina la mfalme wa wadudu, akitajwa wadudu wanaheshimu. Nimeshaona kitabu kina jina hilo na limetobolewa katikati na mdudu mwenyewe.)

Katika kuchagua usijisumbue kupanga kwa mada kama maktaba. Jiulize suala moja tu kila ukishika kitabu: hichi kikitoka humu, kinapatikana kwengine? Kamusi mpya inapatikana. Riwaya ya watalii inapatikana dunia nzima. Ila kitabu kilichochapwa hapa hapa Unguja, kikaisha, na hakijachapwa tena, hicho ukikitoa kimetoka. Na watu wengi hawajui kama mji huu umechapa vitabu zamani sana. Sultani Sayyid Barghash alileta mitambo ya kupiga chapa kwa Kiarabu, na katika miaka ya 1880 vikachapwa hapa vitabu vikubwa vya fiqhi, yaani sheria za dini, za madhehebu ya Kiibadhi vinavyotafutwa mpaka leo na watu wa Oman na vyuo vikuu vya Ulaya. Wamishionari nao walikuwa na mtambo wao wakichapa vya Kiswahili, huko huko mtaani kwenu Mkunazini karibu na kanisa lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa. Halafu serikali ya Kiingereza na mpigachapa wake, ripoti za kila mwaka, magazeti ya serikali, ramani, na lile jarida la walimu, Mazungumzo ya Walimu wa Unguja, lililoanza 1927. Halafu magazeti ya siasa kabla ya Mapinduzi, Mwongozi, Afrika Kwetu, Al-Falaq, na baada ya 1964 Kweupe. Mzee akiwa na hata nakala mbili tatu za hayo, hata kama zimechanika, usizikunje, usizitie gundi ya plastiki ile ya utepe, usizitie pasi (niliona mtu katia pasi!), zilaze bapa ndani ya bahasha kubwa ziwe peke yake.

Hayo ndo rundo la kwanza, na hilo haliuzwi katika kufunga duka. Nasema tena haliuzwi sasa. Linafungwa, linaenda nyumbani chini ya kitanda kikavu, na mnaliuza mwakani kimoja kimoja au mnalitoa sehemu yake. Vya mkono, yaani miswada, hivyo ndo kabisa usimpe mgeni avitie begini aende navyo eapoti, kuna sheria za vitu vya kale na si mchezo, nendeni ofisi ya Nyaraka pale Kilimani wavione kwanza, wao wana hazina kubwa ya miswada na watakwambieni ni kitu gani mnacho. Hata mkiamua kubaki nacho, angalau mmejua.

Riwaya za Kiswahili ni hadithi nyengine na hapa watu wanadanganyana sana. Si kila riwaya ya zamani ina thamani. Fungua ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu usome kimechapwa lini na nani. Riwaya ya kwanza ya mpelelezi Bwana Msa ya Muhammed Said Abdulla ilitoka 1960 kwa East African Literature Bureau, mwenye nakala ya chapa ile ana kitu. Mwenye chapa ya tano ya miaka ya themanini ana kitabu kizuri cha kusoma, basi. Jalada linaweza kufanana, kwa hiyo usitazame jalada. Na karatasi ile ya miaka ya sabini na themanini ina asidi, inageuka rangi ya chai na kuvunjika ukiikunja pembe, kwa hiyo hata chapa ya kwanza kama imeshakuwa biskuti bei yake inashuka. Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel 2021 kila mtu alikuwa anatafuta vitabu vyake, mzee wako bila shaka anakumbuka watalii walivyokuwa wakiingia wanauliza, kama amebakiwa na chapa za zamani za Uingereza zile za jalada gumu weka na rundo la kwanza, za karatasi za juzi juzi uza.

Riwaya hizi za kawaida, zile zinazosomeshwa skuli na vyuoni, mie nisingezimwaga kwa wa Dar. Umesema dukani kuna kijana kakaa na mzee miaka tisa. Mpeni hizo mali kauli. Achukue maboksi kumi, atafute sehemu Darajani au hata kwa simu tu anapiga picha anatuma kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA, akiuza analeta, kisokwenda anarudisha. Yeye anajua wateja kwa majina. Na pia haki yake ya miaka tisa ipo, malipo yake ya mwisho yatangulie kabla ya kakaako kugawiwa hata shilingi, na kama alikuwa akichangiwa ZSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, hakikisheni michango imekaa sawa. Mkimlipa nusu kwa pesa na nusu kwa vitabu kwa ridhaa yake, si vibaya, lakini iwe ridhaa kweli, si ile ya kumwambia mbele ya watu akaona haya.

Na boksi mbili tatu pelekeni Pemba. Hapa naona mtanicheka kwa kuwa asili yangu Wete, lakini nyie wa mjini hamjui kitabu kinavyokuwa adimu ukishavuka mkondo. Skuli za Chake, Wete, Mkoani, ukimpa mwalimu mmoja wa Kiswahili boksi la riwaya anakuombea dua mpaka kaburini. Meli zinakwenda, boksi moja nauli yake ndogo.

Sasa nije kwenye vitu vinavyokaa ndani ya vitabu, na hapa naomba unisikilize sana. Kila kitabu, hata kile cha kompyuta, kishike mgongo, kielekeze chini, kipeperushe kurasa taratibu. Utashangaa. Barua, risiti, picha, vyeti vya kuzaliwa, talaka (ndio, talaka nimeikuta, imekunjwa mara nne ndani ya kitabu cha mapishi), noti za zamani, stempu, na zile postikadi za wapiga picha wa zamani kina Gomes na Coutinho ambazo moja peke yake inaweza kupita bei ya rafu nzima. Postikadi na stempu ni mali yenu, uzeni. Lakini barua na vyeti ni amana ya watu. Tafuta boksi moja la viatu andika juu AMANA, kila karatasi ya mtu tia humo pamoja na kijikaratasi cha kitabu ilimotoka, kisha mzee apitie jioni. Mji huu mdogo, jina la ukoo akilisoma atakwambia hawa wa Kiponda, hawa walihamia Dubai, hawa mtoto wao yupo Vikokotoni. Mpigieni mtu simu. Mie nilipofunga kibanda changu nilimpa mtu mmoja vyote kwa mkupuo, kama anavyotaka kakaako, nikashika pesa nikafurahi siku tatu. Baada ya miezi miwili ndo nikakumbuka kuwa barua za marehemu mamaangu alizokuwa akiniandikia kutoka Wete nilikuwa nazihifadhi ndani ya kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza ya Johnson, ile ya 1939, mana ndo kitabu kilichokuwa kinene. Nikamfuata alonunua, kamusi ilishauzwa, hakumbuki kamuuzia nani. Basi.

Misahafu na juzuu. Duka la Mkunazini la miaka yote hiyo najua mna juzuu zilizochanika, vitabu vya maulidi visivo jalada, kurasa peke yake. Hizi zisiingie kwenye rundo la mabaki hata kwa bahati mbaya, mana rundo lile linakwenda kwenye karanga. Zinazosomeka zipelekeni msikitini au chuo cha Kurani, watoto wa chuo wanahitaji. Zilizokwisha kabisa kuna wanaozizika mahala pasafi pasipokanyagwa na kuna wanaozichoma, yote wanavyuoni wameyasema, muulizeni imamu wa msikiti wenu atakwambieni wao wanafanyaje. Na magazeti ya zamani ya dini tazama vizuri, aya zimo humo pia.

Vitabu vya amana: wauzaji vikuukuu wote tuna vya watu tulioachiwa tuwauzie. Mzee ana daftari, nakuhakikishia, kama hana basi vina alama. Hivyo si mali ya duka, virudi kwa wenyewe au walipwe. Mwenyewe kafa, warithi wake. Hajulikani kabisa, mkishatafuta mkashindwa, uzeni mtoe sadaka kwa nia yake. Na wale wanaodaiwa na duka mzee mwenyewe aamue nani amsamehe, usimwamulie. Zaka ya bidhaa nayo, kama mwaka umepita na nisabu, kile kiwango cha kutolea zaka, imetimia, ipigwe kwa bei ya soko ya leo, robo ya kumi, kufunga hakuifuti.

Mlango. Umesema mzee alipoingia 1986 alitoa kilemba, ile pesa ya pembeni ya kupewa mlango, na sasa anatarajia yeye nae apewe kilemba na anaeingia. Hapa lazima niwe mkweli hata kama mzee atanikasirikia. Kilemba hakina risiti. Kila mtu mjini anakijua, kila mtu ametoa, lakini ukienda mbele ya sheria na mwenye mlango hataki, huna karatasi ya kuonesha. Kwa hiyo tafuteni mkataba musome: mlango ni wa mtu binafsi, wa Shirika la Nyumba, au wa Wakfu? Nyumba nyingi za huko ni za wakfu na ziko chini ya Kamisheni ya Wakfu, na mlango wa wakfu mpangaji hana cha kuuza, alie­weka nia ya thawabu ni mwengine na nyie mkila kilemba juu yake mnakula cha nani? Ukiwa wa mtu binafsi, mzee aende kwa mwenyewe wakazungumze kiungwana, miaka yote ile ya jirani haipotei bure, aombe angalau rafu zake azinunue anaeingia. Rafu ni mali yenu kweli, na kama ni za msaji au mvule wa zamani usiziuze kama kuni, seremala anaezijua atatoa pesa nzuri kwa mbao tu. Msibomoe kitu cha ukutani wala cha mlango wenyewe bila ya kuuliza Mamlaka ya Mji Mkongwe, mji umo kwenye Urithi wa Dunia tokea 2000 na wako makini siku hizi, hasa baada ya lile jumba la kale la Beit al Ajaib kuporomoka ile Disemba 2020.

Leseni na kodi ntapita mbio mana ni kazi ya siku mbili tu lakini watu wanaisahau. Kufunga mlango si kufunga biashara. TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, wanamjua kwa TIN yake, ile nambari ya mlipakodi, kodi ya mapato ni jambo la Muungano, na ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, wanamjua kwa kodi za huku, na Manispaa kwa leseni. Kote andikeni barua kuwa biashara imesita tarehe kadhaa, mpige nakala, igongwe muhuri wa kupokelewa. Msipofanya hivo makadirio ya kodi yanaendelea kuja na mzee keshalala zake nyumbani. Na umenambia ana 71, je kajiandikisha pensheni jamii? Ile ni ya kila mzee wa kuanzia miaka 70 hata kama hajaajiriwa siku moja maishani mwake, ilianza Aprili 2016 kwa elfu ishirini kwa mwezi na baadae ikaongezwa. Kama bado, chukua kitambulisho chake cha Mzanzibari mwende kwa sheha kesho.

Jengine dogo. Kama mzee anataka kitabu fulani kiende kwa fulani, ampe leo kwa mkono wake, mbele ya mtu. Hiba inataka kukabidhiwa. Akisema "nikifa mpeni" hapo ishakuwa wasia, ina mipaka yake, haipiti theluthi ya mali, na mrithi nae hausiwi mpaka wenzake waridhike, na nyie ndugu sijui mko wangapi ila nimeshaona watu wakipelekana kwa kadhi kwa seti ya tafsiri ya vitabu vinne.

Sasa herufi. Nimezitazama picha zako kwa miwani miwili. Hiyo ni abjadi mwanangu, abjadi hawazi, hesabu ya herufi. Wafanyabiashara wa zamani waliosoma chuo wakiandika bei kwa hiyo ili mteja asijue kitabu kimeingia dukani kwa shilingi ngapi. Kila herufi ina nambari yake na haifuati mpango ule wa alifu-be-te tuliosomeshwa: alifu moja, be mbili, jimu tatu, dali nne, kisha he ile nyepesi tano, wau sita, ze saba, he ya kooni nane, twe tisa, ye kumi. Halafu zinakwenda kwa makumi, kafu ishirini, lamu thalathini, mimu arobaini, nuni khamsini, sini sitini, aini sabini, fe thamanini, swadi tisini, na qafu mia.

Picha yako ya kwanza juu pana qafu na nuni, mia na khamsini. Chini yake kafu na he nyepesi, ishirini na tano. Ya juu ni ya kuuzia, ya chini ndo alionunulia, hakuna muuzaji anaeuza chini ya alichonunulia akabaki na duka miaka yote hiyo. Kama anahesabu kwa mia mia basi ni kitabu cha elfu kumi na tano kilichoingia kwa elfu mbili na mia tano. Lakini angalia, pesa imebadilika sana tokea 1986, yumkini vile vya mwanzo mwanzo aliandika kwa shilingi tupu, kwa hiyo chukua kitabu kimoja unachokumbuka kiliuzwa ngapi kinachofanana nacho upime.

Ukishajua kuzisoma kazi yako imekuwa nyepesi mno, mana rundo la kwanza nililokwambia utafute, mzee keshalichagua siku nyingi. Pita rafu zote, fungua nyuma tu, popote palipo na qafu kiweke pembeni kabla hujakisoma hata jina. Kitabu alichokiandikia bei kubwa vile alikijua ni nini. Huyo bwana wa Dar hajui kusoma hizo, angejua asingetoa milioni mbili, angetoa tano bila kubisha.

Picha ya tatu ndo imenikalisha. Pana lamu na alifu zimeshikana, hakuna kitu chini yake, na umesema umeviona kama vitabu sita vyenye alama hiyo hiyo, vyote rafu ya juu karibu na kiti chake. Kwa hesabu lamu na alifu ni thalathini na moja, yaani elfu tatu na mia moja, bei ya ajabu ajabu kwa vitabu sita tofauti. Lakini ukiisoma kama neno si nambari, ni "laa". Hapana. Hivyo sita visiteremshwe, hata kupanguswa, mpaka umuulize mwenyewe kama ni bei au ni jibu.